Mguu wa Kushoto wa Kiegei

Kiegei, Nachingwea
12 Julai 1998

Kwako binamu Mbaruku,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima kama ulivyotuacha, isipokuwa tumezeeka, kwa sababu ulituacha zamani. Moza wangu amejifungua mtoto wa kike, mzuri, analia kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Ufuta tumeshakata. Sasa tunapulizia mikorosho salfa na kijiji kizima kinakohoa. Shangazi, mama yako, hajambo ila macho. Ananitambua kwa sauti, na akinisikia tu anauliza, "Mbaruku hajaandika?" Mimi namjibu kwamba wanaume walioolewa Matambarale hawapewi kalamu na wake zao.

Najua utakasirika. Kasirika. Mimi ni binti wa mjomba wako, utani ni haki yangu wala sikuuomba.

Sasa sikia jambo lenyewe. Kijiji kimekaa kikao na kimeamua kukujengea kumbukumbu pale uwanjani. Usicheke. Vijana wetu wamechukua kombe la kata, na siku ya kusherehekea wazee wakaanza tena hadithi ya goli lako la mwaka sabini na mbili, tulipowafunga wale wa mjini Nachingwea, wao na viatu na soksi, ninyi miguu mitupu. Kwamba ulipiga kwa kushoto toka karibu na katikati ya uwanja, mpira ukagonga mlingoti, mlingoti ukavunjika, na mpira ukaingia. Vijana wakauliza, mtu kama huyu mbona hana hata jiwe?

Ugomvi ulianzia kwenye sura. Linus, yule fundi wa Kimakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma, anayejenga makaburi na matangi ya maji, alisema anaweza kukutengeneza mzima kwa simenti na nondo, kichwa na masikio. Mwalimu Saadi wa madrasa akasimama. Akasema sanamu ya mtu mwenye uso haikubaliki, na uwanja unatazamana na msikiti, je, watu wasali huku Mbaruku anawakodolea macho? Wakabishana mpaka Mwenyekiti akachoka, akauliza, "Kwani goli alifunga kwa sura?"

Basi ikapita: utajengwa mguu peke yake. Mguu wa kushoto, toka gotini mpaka vidoleni, mtupu kama siku ile, na mpira mbele yake. Mwalimu Saadi ameridhika. Anasema mguu hauabudiwi.

Linus anataka kipimo. Weka mguu wa kushoto juu ya karatasi, zungusha kalamu, kama tunavyofanya tukimwagiza mtu viatu mjini. Tuma upesi. Na siku ya kufungua uje mwenyewe, tumepanga sikukuu ya Uhuru. Mcheza kwao hutunzwa.

Mtani wako usiyemchagua,
Biasha


Matambarale, Ruangwa
30 Agosti 1998

Binamu Biasha,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika inanuka salfa na dagaa, sijui dereva aliilalia wapi. Hongera kwa mjukuu. Kama analia sana, amemrithi bibi yake. Hajra anakusalimu, anasema si kweli kwamba ananinyima kalamu, siku hizi ananinyima sukari tu. Mbaazi zetu zimetoa maua vizuri, na nguruwe pori wameshapata habari.

Kuhusu huo mguu, nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Binamu, mtu hajengewi akiwa hai. Na fundi mliyemchagua ni wa makaburi. Kama mna simenti ya kuchezea, funikeni kile kisima cha bondeni kabla mtoto hajatumbukia. Au jengeni kichwa, maana mimi hata kwa kichwa nilifunga, ila hamkumbuki. Mwalimu Saadi atafute namna.

Na mlingoti ule ulivunjika kwa nguvu ya shuti. Najua utasema ulikuwa umeliwa na mchwa. Umesema hivyo tangu siku ile ile, ukiwa bado hujaolewa.

Desemba siahidi. Barabara za huku bado hazijapona zile mvua kubwa za mwaka jana, na shambani sina mtu. Mwambie mama nitakuja korosho zikiisha.

Mimi binamu yako,
Mbaruku


Kiegei
20 Septemba 1998

Binamu,

Salamu za wote, na za mjukuu ambaye sasa amepunguza kulia, labda alisikia uliyoyasema.

Korosho zikiisha! Mwaka jana ulisema korosho zikiisha. Mwaka juzi ulikuja ukalala siku moja, ukaondoka na mfuko wa mihogo. Hivi huko Ruangwa korosho haziishi? Nilimsomea shangazi barua yako, akasema, "Soma tena pale aliposema atakuja." Nikasoma. Akasema, "Basi." Sikupenda ile "basi" yake, nakwambia kweli.

Mlingoti ulikuwa umeliwa na mchwa. Mimi nilikuwa nimeuegemea kabla mechi haijaanza, ukachuruzika unga kwenye kanga yangu mpya. Ulichokifanya wewe ni kumalizia kazi ya mchwa, na mchwa hawajengewi mnara.

Linus ameshamwaga zege la chini. Wewe ulisema kaburi na kweli limefanana na kaburi, pande zote nne. Juzi kuna mgeni alipita na baiskeli, akashuka, akavua kofia, akatupa pole. Vijana walicheka mpaka wakalala chini. Kwa hiyo unaona, tusipoweka mguu haraka, watu wataanza kukusomea dua.

Tuma karatasi. Mtu mwenye mguu mmoja maarufu wilaya nzima anaona uvivu kuuweka kwenye karatasi!

Biasha


Matambarale
5 Novemba 1998

Biasha,

Hatujambo. Kipimo hicho hapo ndani, mpunguze kelele.

Mbaruku


Kiegei
1 Desemba 1998

Binamu Mbaruku,

Salaam. Barua yako ilikuwa fupi kuliko hirizi. Hata "wasalimie" hukuandika, nikaona labda wino ulikuishia. Korosho mwaka huu si haba, watoto wanarudi jioni nguo zote madoa ya mabibo, na mama zao wanajua kupiga kelele.

Sasa nikuchekeshe. Tulifungua karatasi yako mbele ya kamati nzima, wote wameinama kama wanaangalia ramani. Linus akaitazama, akaigeuza kichwa chini, akairudisha. Akasema, "Mama Biasha, kidole gumba kiko upande mbaya. Huu ni wa kulia." Mwenyekiti akavua kiatu chake kuhakikisha. Ni kweli. Umetuma mguu wa kulia!

Mbaruku! Mtu unayeitwa Kushoto, watoto wadogo wasiokuona hata siku moja wanakuita Kushoto, leo hujui kushoto ni wapi? Ndiyo mambo ya kukaa sana ukweni. Mama mkwe akisema huku ni kulia, kunakuwa kulia.

Linus anasema angeweza kuigeuza karatasi akapata umbo la kushoto, lakini anataka na unene wa shavu la mguu, na kwa mchezaji wa kushoto shavu la kushoto ndilo lililojaa. Hataki mguu wa kubahatisha. Bahati nzuri ameitwa Nanganga kujenga tangi. Akimaliza atafika kwako na kamba yake, akupime mwenyewe. Wewe kazi yako ni kukaa kitini na kunyoosha mguu, hata mtoto wa Moza anaweza hiyo. Ufunguzi tumeusogeza mbele.

Usimwambie kwamba hupo. Nimemwambia asubiri.

Biasha


Kiegei
15 Februari 1999

Mbaruku,

Assalaam aleikum. Natumaini Idd mlikula vizuri. Sisi tulikula, shangazi alishona gauni jipya la kijani, kisha akaniuliza kama kweli ni la kijani au nimemdanganya.

Linus alirudi baada ya Idd. Nilimwona anakuja nikampigia kelele toka mbali, vipi, shavu la mguu bado lipo au limeliwa na mchwa? Akaja akakaa barazani. Maji nilimpa hakunywa. Akatoa kamba yake mfukoni akaniwekea mapajani. Wewe umemwona anavyopima, kila kipimo anakipiga fundo. Ile kamba ilikuwa na mafundo upande mmoja tu. Nikamwuliza, hukumkuta? Akasema, "Nimemkuta, mama. Alinipokea vizuri. Nimempima wa kulia." Nikauliza, na wa kushoto? Akaangalia chini. Mpaka leo kijijini hajamwambia mtu.

Niliingia ndani nikalia, Mbaruku. Nakwambia wazi kwa sababu wewe ungefurahi kujua kwamba nimewahi kulia kwa ajili yako. Nililia kwa huo mguu, halafu nikakumbuka barua zangu moja moja. "Kazi yako ni kunyoosha mguu." "Mtu mwenye mguu mmoja maarufu." Mimi ndiye niliyeyaandika hayo, nikayafunga kwenye bahasha, nikampa dereva na korosho za kukaanga ili barua zisicheleweshwe.

Nilichukua karatasi nikuombe radhi. Nikaandika, nikachana. Mtani haombi radhi. Siku nitakayokuomba radhi utani wetu utakuwa umekufa, na mimi sitaki kufiwa mara mbili.

Kwa hiyo badala ya radhi pokea mashtaka. Mtu akizikwa kwetu, nani wa kwanza kushika jembe? Mtani. Nani anaigiza mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi? Mtani. Na mtani akifichwa msiba, kosa hilo lina faini, wewe mwenyewe ulimtoza marehemu mume wangu alipozika dada yake bila kukuita. Sasa wewe umezika mguu, tena mguu wa kijiji kizima, na mimi binti wa mjomba wako sikuitwa! Aliyeigiza mwendo wake ni nani? Aliyesema maneno yake mabaya ni nani?

Faini ni jogoo mwekundu. Uje naye mwenyewe umemshika kwapani. Akiletwa na mtu mwingine simpokei, nitamrudisha kwa miguu yake.

Shangazi sijamwambia. Hilo ni lako kumwambia, mdomo kwa mdomo. Mficha maradhi kilio humfichua, na yule bibi hasikii vizuri vilio vya mbali.

Biasha


Matambarale
11 Aprili 1999

Binamu Biasha,

Waaleikum salaam. Nimechelewa kujibu. Mvua ilikuwepo, lakini si kwa sababu ya mvua.

Hajra hajambo. Amefurahi kwamba mmejua, amekuwa akinisumbua tangu mwanzo niandike, na juzi alisema nisipoandika ataandika yeye, na yeye akianza kuandika hajui kuacha.

Haya, sikiliza. Ni sukari. Nilijikata na jembe kidogo tu chini ya kidole, jeraha ambalo zamani ningelipaka majivu nikaendelea kulima. Halikupona. Mvua zile kubwa zikaja, daraja likaondoka, tukakaa na jeraha nyumbani mpaka mguu ukawa mweusi. Nilipofikishwa hospitali daktari hakuuliza mengi. Hajra na kaka yake wakaurudisha huku umefungwa kwenye shuka, wakauzika nyuma ya nyumba chini ya mkorosho mdogo. Hakuna aliyeigiza chochote. Mimi nilikuwa bado wodini.

Unauliza kwa nini sikuwaita. Naweza kusema barabara ilikatika, na ni kweli ilikatika. Lakini hata kama ingekuwa lami nisingewaita. Huku ukweni mimi ni Mbaruku tu, mume wa Hajra, mlima mbaazi. Nikiwa na mguu mmoja bado ni mume wa Hajra. Huko kwetu ni tofauti. Huko nilikuwa mguu. Watoto wanaimba jina la mguu. Nikishuka kwenye lori na gongo wataniita nani? Nilijisikia kama nimepoteza kitu nilichoazimwa na watu.

Ulipoandika kwamba mnajenga mguu wa kushoto, nilidhani mmesikia. Nilimwambia Hajra, huyu Biasha leo amevuka mpaka. Hajra akasoma mwenyewe, akasema, "Hajui." Nikamwamini, lakini uchungu haukutoka. Halafu ukaomba kipimo. Nilikaa na ile karatasi miezi miwili. Mwisho nikaweka mguu niliobakiwa nao, nikazungusha kalamu, nikasema watajua wenyewe. Nadhani nilitaka mjue, ila si kwa mdomo wangu.

Jambo jingine la kijinga. Kidole cha mguu ule kinawasha. Mguu haupo, lakini kidole kinawasha mchana kweupe, nimekaa na wageni, nainama kukuna na kukuta hewa. Daktari anasema ni kawaida. Yeye hakimwashi.

Jogoo ninaye. Lakini mguu huo wa simenti uvunjeni, nakuomba kwa dhati. Sitaweza kusimama mbele yake watu wakiutazama ule, kisha wanitazame mimi.

Mbaruku


Kiegei
9 Mei 1999

Kushoto,

Salaam. Nimekuita hivyo makusudi. Uliuliza watakuita nani. Kuna mzee hapa anaitwa Tajiri na hana hata kuku, na hakuna aliyemwambia abadili jina.

Hauvunjwi. Kwanza, umeshakwisha. Linus aliigeuza ile karatasi yako, akaishika juani akachora upande wa pili, na shavu la mguu akakisia kwa kukumbuka wazee walivyosimulia, kwa hiyo limenona kupita kiasi, limefanana na la mpagazi. Pili, si wako tena. Wewe wa kwako uliuzika bila kuuliza mtu, huu ni wa kwetu.

Lakini nikueleze kilichotokea, ndiyo sababu hasa ya barua hii. Shangazi alisikia umekwisha, akadai apelekwe. Nikamshika mkono mpaka uwanjani. Sikutaka, kwa sababu mimi nilijua na yeye hajui. Akaupapasa. Akaanza gotini, akashuka taratibu, akapita shavuni akaguna, akafika kwenye kifundo, akazunguka na vidole viwili. Akasema, "Wapi kovu?" Linus akauliza, kovu gani bibi? Akasema, "Alikatwa na chupa akiwa mdogo, nimembeba mgongoni mpaka zahanati. Kovu liko hapa, kama ndizi. Huu mguu wa nani?"

Linus akalowesha simenti kidogo akaweka kovu pale pale mbele yake. Shangazi akarudia kupapasa, akalipata. Akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu macho yaanze kufifia. Akasema, "Haya, huu ndio." Akakaa chini kwenye lile kaburi lako mpaka jua likapanda, hataki kurudi nyumbani.

Sasa wewe niambie ni nani atakwenda kuvunja. Nyundo nitampa, lakini atapita mbele ya yule bibi.

Ufunguzi ni Saba Saba. Malori ya ufuta yatakuwa yanapita kila siku, kwa hiyo usiniandikie habari za barabara. Sikuomba uje uonekane. Mama yako ana mguu wa simenti wa kupapasa na mwana mzima hana. Hilo ndilo linaloniuma, na siweki utani hapo.

Jogoo awe mwekundu. Wa madoadoa simtaki.

Biasha


Kiegei
14 Agosti 1999

Binamu Mbaruku,

Assalaam aleikum wewe na Hajra. Natumaini mlifika salama. Ile mifuko miwili ya mihogo tuliyowapa, mmoja mliusahau kwenye baraza, nimeshaula.

Sitakusimulia uliyoyaona mwenyewe. Uliwaona watu walivyolitazama gongo lako uliposhuka kwenye lori. Uliniona nilivyokunyang'anya gongo, nikatembea nalo uwanja mzima nikiringa kama ulivyoringa sabini na mbili, nikaulilia mguu wako kwa sauti, nikausema mabaya yake yote: ulivyokanyaga vifaranga vya mama yangu, ulivyopiga mpira ukavunja mtungi wa shangazi ukasingizia mbuzi. Watu walikuwa wananiangalia kama mwendawazimu. Usingecheka wewe wa kwanza, sijui ningefichia wapi uso. Ulipocheka, na jogoo akakuponyoka, na Mwalimu Saadi akamkimbiza na kanzu yake mpaka golini, hapo ndipo nikajua umerudi.

Na uliyaona ya mama yako. Alivyokupapasa toka kichwani, akashuka, akafika gotini mkono ukakosa pa kwenda. Mimi niligeuka, sikuweza kuangalia. Nilimsikia tu anauliza, "Umekula?" Baadaye jioni alinipiga kofi la mgongo, la kweli, kwa kumficha. Nilistahili nusu yake, nusu nyingine ni yako, nimekuhifadhia.

Nakuandikia usiyoyaona. Vijana siku hizi kabla ya mechi wanapita mmoja mmoja wanagusa shavu la mguu. Mechi tatu wamepoteza, bado wanagusa. Mbuzi wa Mwenyekiti anafungwa pale, nimesema sana nimechoka.

Na kuna hili. Nilimwambia shangazi habari za kuwashwa kwako. Sikudhani litakuwa jambo, tulikuwa tunamenya korosho nikamwambia tu, na daktari alivyosema ni kawaida. Akaniuliza kidole gani. Nikasema sijui. Ijumaa iliyofuata akaniambia nimpeleke uwanjani. Alikuwa na kichupa cha mafuta ya ufuta. Akakaa chini, akaupaka mguu wote mafuta, toka gotini, kama anavyopakwa mtoto aliyetoka kuoga. Kisha akashika kidole gumba akakikuna kwa kucha, taratibu, muda mrefu.

Watu walikuwa wanatoka msikitini. Mwalimu Saadi akasimama, nikajua leo kuna maneno. Akasema, "Bibi, tulikubaliana mguu hauabudiwi." Shangazi hakuinua hata kichwa. Akasema, "Nani anaabudu? Mwanangu anawashwa."

Mwalimu akachutama akamshikia kichupa.

Sasa ni kila Ijumaa. Mguu unang'aa kuliko gari la mkuu wa wilaya. Nimeona nikuambie ili usije ukasikia kwa madereva ukadhani mama yako amechanganyikiwa.

Biasha


Matambarale
12 Septemba 1999

Binamu Biasha,

Waaleikum salaam, na salamu kwa mjukuu, na kwa jogoo kama bado yu hai.

Hajra alinisomea barua yako kwa sauti, akafika pale kwa Mwalimu Saadi akashindwa kuendelea, akanipa nikamalizia mwenyewe. Sikumaliza vizuri na mimi.

Mimi si mtu wa kuamini kwamba simenti inakunwa Kiegei, mtu anapoa Matambarale. Wewe unanijua. Daktari alieleza vizuri, ni mishipa. Kwa hiyo usimwambie mama kwamba nimeamini.

Mwambie tu kidole gumba hakijawahi kuniwasha. Ni kile kidogo cha mwisho. Na Ijumaa asichelewe, nitakuwa nimekaa barazani nasubiri.

Mbaruku Kushoto